Taa Ishuke Chini: Mwanga wa Usiku Kisiwani na Mji wa Kale

Maandishi ya mazungumzo na wakaazi wa Kisiwa cha Mombasa kuhusu taa za nje



Nyumba ya Mji wa Kale ilijengwa ipitishe upepo. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari iko juu, na madirisha yanatazamana ili upepo wa bahari uingie huku utokee kule. Roshani za mbao za Ndia Kuu zilichongwa kwa sababu hiyo hiyo, mtu wa ndani apate hewa na aione njia bila yeye mwenyewe kuonekana. Hata vichochoro vilifanywa vyembamba ili mchana nyumba moja iitilie kivuli nyumba ya pili. Waliojenga hivyo walikuwa na kibatari, kandili na mwezi. Hakuna aliyefikiria taa ya wati 100 iliyofungwa nje ya dirisha.

Leo taa hiyo ipo. Imefungwa ukutani kwenye kimo cha ghorofa ya kwanza, mita tatu au nne kutoka dirisha la jirani wa ng'ambo. Ni nyeupe, ni kali, na haina kofia. Inawaka tangu magharibi hadi asubuhi. Mwezi wa Februari, joto la kaskazi linapogoma kupungua hata saa nane za usiku, mwenye chumba kile ana mawili ya kuchagua: aache dirisha wazi alale ndani ya mwanga, au avute pazia zito alale bila upepo. Wengi huvuta pazia, kisha huwasha feni, kisha hulipia stima ya feni. Mwenye taa hajui kwamba amemnyima mwenzake upepo, wala jirani hana jina la kuliitia jambo hilo. Akisema anasumbuliwa na kelele, kila mtu anaelewa. Akisema anasumbuliwa na taa, anaonekana mtu wa ajabu.

Jina lake ni uchafuzi wa mwanga. Ni mwanga wa taa za nje unaokwenda mahali ambapo hakuna aliyeuhitaji: dirishani mwa mtu bila hodi, machoni mwa dereva, au juu angani ambako hauna wa kummulikia. Taa ni ile ile, na huenda ni njema. Tatizo ni mahali mwanga wake unapoangukia.

Mombasa si mji mgeni wa mambo haya. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua mtambo wa umeme uliokuwa ukimulika kasri la Sultani wa Zanzibar, na mtambo huo ukaingia mikononi mwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ya Nairobi, na kutokana na muungano huo ikatokea ile ambayo wakaazi wanaijua leo kama Kenya Power. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, kila kizazi kisiwani kimeongeza taa juu ya zile alizozikuta. Kuongeza kumekuwa ni maendeleo, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Mtu aliyewahi kutoka Tononoka kwenda nyumbani gizani hahitaji kuelezwa faida ya taa.

Kilichobadilika miaka ya karibuni ni aina ya taa. Wengi wanaikumbuka ile taa ya barabarani ya rangi ya machungwa iliyofanya kila gari lionekane la rangi moja. Ilikuwa taa ya sodiamu. Mahali pake pamechukuliwa na taa za LED, ambazo hula umeme kidogo na hudumu muda mrefu. Hilo ni jambo zuri. Lakini LED nyeupe sana ina sehemu kubwa ya mwanga wa buluu ndani yake, na mwanga wa buluu una tabia mbili. Ya kwanza, husambaa hewani kuliko mwanga wa manjano, kwa sababu ile ile inayofanya mbingu za mchana ziwe buluu. Juu ya mji wa pwani, wenye hewa ya unyevunyevu na chumvi, mwanga uliopotea juu hugeuka utando mweupe unaofunika nyota. Ya pili, jicho la mwanadamu huutumia mwanga wa buluu kujua kwamba kumekucha. Ukiingia machoni usiku, mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni wakati wa kulala. Mtu hulala amechelewa, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu.

Rangi ya taa huandikwa kwenye boksi lake kwa kipimo cha kelvini. Taa ya 2700 ina mwanga wa joto kama wa kandili. Ya 4000 ni nyeupe, na ya 6500 ni nyeupe yenye ubuluu, ile ambayo watu hununua kwa kudhani weupe mwingi ndio nguvu nyingi. Nguvu ya mwanga ni namba nyingine, ya lumeni. Mnunuzi dukani aangalie zote mbili kabla hajatoa pesa.

Sasa suala la usalama, ambalo ndilo huja la kwanza kila taa zinapotajwa, na ni haki lije la kwanza. Mwanamke anayetoka kazini usiku, muuzaji wa viazi karai anayefunga meza yake, mzee anayekwenda msikitini alfajiri, wote wana haki ya kuona njia na kuona anayewajia. Mtaa ulio gizani kabisa hauna haja ya kuhubiriwa habari za nyota. Unahitaji taa, na mapema.

Lakini taa kali na taa inayosaidia kuona ni vitu viwili tofauti, na mkaazi yeyote anaweza kujipimia. Asimame usiku mahali penye taa kali isiyo na kofia. Anyooshe mkono na kuuziba mwanga wa taa kwa kiganja, kama mtu anayejikinga jua. Ikiwa baada ya kuziba anaona vizuri zaidi uchochoro ulio nyuma ya ile taa, basi taa hiyo inamficha mwizi. Mboni ya jicho hujikunja mbele ya mwanga mkali, na chochote kilicho kivulini kinapotea. Mtu aliyejibanza nyuma ya baraza anamwona anayekuja, lakini anayekuja hamwoni yeye.

Tukio hilo ni jepesi kutokea kwenye mitaa iliyobanana kama Kibokoni na Mlango wa Papa kuliko mahali pengi. Taa ndefu za mlingoti, zile ambazo Wakenya walizipa jina la mulika mwizi, zinafaa uwanja, stendi ya magari au makutano ya barabara kuu. Zikiwekwa karibu na vichochoro vya nyumba za ghorofa tatu, zinachomulika vizuri ni mapaa. Mwanga unakuja kwa mshazari, unagonga ukuta wa juu, unaingia vyumba vya kulala, na chini kichochoroni panabaki kivuli kizito zaidi kwa sababu ya ule mng'aro wa juu. Mwizi huyo hajamulikwa. Taa kumi ndogo zilizofungwa chini, zenye kofia, zikielekea kwenye sakafu ya kichochoro, zingefanya kazi ambayo mlingoti mmoja hauwezi. Kuta zenyewe zingesaidia: Mji wa Kale umezoea chokaa, na mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yalitakiwa kupakwa rangi nyeupe na buluu. Ukuta mweupe ni taa ya pili. Penye kuta nyeupe, taa dogo hutosha.

Utafiti wa nje unasema nini kuhusu taa na uhalifu? Hausemi jambo moja. Mjini New York, majaribio yaliyofanywa mwaka 2016 kwenye makaazi ya nyumba za umma yaliyoongezewa taa za muda yalionyesha kwamba uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia halmashauri 62 za Uingereza na Wales ambazo zilizima au kupunguza nguvu za taa za barabarani kwa sehemu ya usiku, na haukupata ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. Matokeo hayo mawili hayagombani. Mahali palipokuwa na giza, taa ilisaidia. Mahali palipokuwa na taa za kutosha, kuzipunguza usiku wa manane hakukuleta madhara. Swali la kuuliza kila mtaa wa Majengo, Ganjoni, Tudor au Makadara ni kama mtaa huo uko katika hali ya kwanza au ya pili, na jibu hutofautiana hata kati ya kona mbili za njia moja.

Upande wa bahari kuna watu ambao hawahitaji kufundishwa haya, nao ni mabaharia. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zinakataza chombo kuwasha usiku taa nyingine zozote zinazoweza kudhaniwa kuwa taa za uongozi, au kuzififisha, au kumzuia mlinzi kuona vizuri. Nahodha hawashi taa kali kwenye sehemu ya usukani. Anajua kwamba jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa sekunde chache hulirudisha mwanzo. Meli inayoingia Kilindini hutafuta taa maalumu za kuiongoza kwenye mlango wa bahari pale Ras Serani. Kadiri taa za majengo, mabango na mahoteli yaliyo nyuma yake zinavyozidi kuwa nyingi na kali, ndivyo zile chache zinazobeba maisha ya watu zinavyozidi kuwa ngumu kuzitambua. Bandari yenyewe lazima iwake usiku kucha, maana watu wanafanya kazi chini ya makontena, na hakuna mwenye akili atakayeomba izimwe. Kinachoweza kuombwa ni kwamba taa zake zitazame chini kwenye gati.

Wavuvi nao wanajua. Wavuvi wa dagaa pwani ya Tanzania, na wa omena Ziwa Victoria, hutoka usiku wa giza na taa zao, zamani karabai na sasa LED, kwa sababu samaki na viumbe vidogo vya majini hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda wanapumzika, kwa kuwa taa ya chombo haishindani na mwezi. Mtu anayejua kwamba taa moja ya karabai inaweza kukusanya samaki, hashangai akiambiwa kwamba taa mia moja za ufukweni, zikiwaka mwaka mzima, zinavuruga maisha ya viumbe wa majini.

Ng'ambo ya kisiwa, kwenye fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu, anayeumia zaidi ni kasa. Jike huja usiku kutaga, na ufuo wenye taa kali humtia hofu, akarudi baharini bila kutaga. Mayai yaliyotagwa huanguliwa baada ya takriban miezi miwili, na watoto hutoka mchangani usiku. Wameumbwa kuelekea upande wenye mwanga, kwa sababu katika ufuo wa asili upande huo ni bahari inayorudisha mwanga wa nyota na mwezi. Penye hoteli iliyowaka, wanaelekea hotelini. Asubuhi hukutwa barabarani, bustanini, au wameliwa na kunguru. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, lakini mpaka wa hifadhi hauwezi kuzuia mwanga kuuvuka. Dawa yake si ghali: taa za nyuma ya ufuo ziwe fupi, zifichwe nyuma ya ukuta au miti, ziwe za rangi ya kaharabu au nyekundu, na zizimwe watu wanapokwenda kulala.

Juu ya nchi kavu, kumbikumbi wanaomwagika kwenye taa baada ya mvua ni dalili ya jambo hilo hilo. Mjusi kafiri anayewinda karibu na balbu anafaidika. Popo anayekwepa mwanga ili afike kwenye mkungu hafaidiki.

Kuna hasara nyingine ambayo Mombasa inaihisi kuliko miji mingi, na haizungumzwi sana. Vitabu vya fiqhi hutofautisha alfajiri mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo, mwanga hafifu unaosimama wima upande wa mashariki na kufananishwa na mkia wa mbwa mwitu. Huo hauhalalishi sala ya Subhi wala haukatazi kula daku. Ya pili ni ya kweli, inayotanda kwa upana kwenye upeo wa macho. Wataalamu wa falaki wanajua ile ya kwanza ni nini hasa: ni mwanga wa jua unaorudishwa na vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Karibu na ikweta, Mombasa ikiwa nyuzi nne tu kusini yake, mwanga huo husimama karibu wima na ungeweza kuonekana vizuri. Ungeweza, kama anga lingekuwa na giza. Kutoka kisiwani, chini ya utando wa taa, hauonekani tena. Watu husali kwa ratiba iliyobandikwa ukutani na kwa simu, na ratiba hizo zimepigwa hesabu vizuri. Ila kizazi kizima kinakua kikisoma habari za alfajiri mbili bila kuwahi kuiona ile ya kwanza kwa macho yake.

Kuhusu mwezi mwandamo ni vyema kusema kweli bila kutia chumvi. Hilali hutafutwa muda mfupi baada ya jua kuchwa, wakati mbingu bado zina mwanga wa magharibi wenyewe, na kwa hiyo taa za mji haziwezi kulaumiwa kwa kila hilali iliyokosekana. Mawingu yana lawama kubwa zaidi. Lakini mtazamaji aliyesimama na taa kali inayompiga usoni amepunguziwa uwezo wa kuona kitu chembamba kama uzi. Kuzima taa chache kwa nusu saa mahali watu wanapokusanyika kutazama mwezi si jambo kubwa.

Nyota zenyewe zilikuwa na kazi. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, jina lake latokana na kulima, kwa kuwa wakulima wa pwani walisoma mwaka kwa kuzama na kuchomoza kwake. Manahodha waliovuka kwenda Uarabuni kwa pepo za kusi walimaizi njia kwa nyota. Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliandika kitabu kizima cha elimu hiyo, akipima kimo cha nyota kwa upana wa vidole. Neno jaa, lenye maana ya kaskazini, limetoka kwa nyota ya kaskazini ambayo mtu akiwa Mombasa haioni kamwe, iko chini ya upeo wa macho. Nahodha aliianza safari bila hiyo, na siku ilipochomoza juu ya maji alijua ameivuka ikweta.

Ni kwa stima kupotea tu ndipo watu wa mjini hukumbuka kwamba mbingu zina kitu. Giza la nchi nzima la Agosti 2023 halijasahaulika, na kila mtu ana hasara yake ya kusimulia, ya friji na ya biashara. Lakini stima inapopotea kisiwa kizima kusiko na mwezi, anayepanda juu ya paa kutafuta upepo hukuta nyota ambazo hakujua zipo, na nyakati za kusi, kati ya Juni na Agosti, huona ule ukungu mweupe wa nyota umekata mbingu kutoka kusini hadi kaskazini. Mwaka 1994 tetemeko lilipozima umeme wa Los Angeles kabla ya alfajiri, kituo cha nyota cha Griffith kilipigiwa simu na watu waliouliza anga limepatwa na nini. Anga lilikuwa halina kitu. Zilikuwa nyota.

Jarida la Science lilichapisha mwaka 2023 hesabu iliyotokana na watu wa kawaida zaidi ya 50,000, wengi wao wa Ulaya na Amerika Kaskazini, walioripoti nyota walizoziona kati ya 2011 na 2022. Mwangaza wa anga la usiku ulikuwa ukiongezeka kwa wastani wa asilimia 9.6 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 angebakiwa na nyota 100 hivi akifikisha miaka 18.

Je, ni nani mwenye jukumu? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inaziweka taa za barabarani chini ya serikali za kaunti. Katika sehemu hiyo hiyo, kaunti imepewa udhibiti wa uchafuzi wa hewa, uchafuzi wa kelele, usumbufu mwingine kwa umma, na matangazo ya nje. Mwanga hautajwi kwa jina katika orodha ya uchafuzi. Lakini bango la skrini linalobadilisha picha kila sekunde kadhaa mbele ya dirisha la mgonjwa ni tangazo la nje, na taa inayomnyima mtu usingizi ni usumbufu kwa kipimo chochote cha akili. Mamlaka ya kuweka utaratibu, basi, yapo. Kelele ilichukua muda kukubalika kuwa jambo la sheria, na kanuni zake chini ya sheria ya mazingira zilitoka mwaka 2009. Ufaransa ilitoa amri yake kuhusu mwanga Desemba 2018: taa za kurembesha majengo huzimwa ifikapo saa 7 usiku, na taa za maduka yaliyofungwa vivyo hivyo.

Kuna na hesabu ya pesa. Usiku wa Mombasa ni karibu saa 12 mwaka mzima. Taa ya wati 100 inayowaka usiku kucha hutumia uniti 438 kwa mwaka. Ikipunguzwa nguvu kwa nusu kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, huokoa uniti 91. Taa 1,000 za namna hiyo huokoa zaidi ya uniti 91,000 kwa mwaka, na pesa hizo ni taa mpya kwa mtaa ambao hauna hata moja. Watu wanaolalamikia mwanga mwingi na wanaolalamikia giza wana kesi moja, ingawa hawajakaa meza moja.

Majengo ya historia yanahitaji uangalifu wake. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Ukuta wa matumbawe kama ule una mashimo, mistari na viraka vya karne nne. Taa kali inayopigwa kutoka chini kwenda juu huufuta wote ukawa kama karatasi, na mwanga unaoupita ukingo wa ukuta huendelea na safari angani. Taa ndogo ya rangi ya joto, ikishuka kutoka juu na kuusugua ukuta, huonyesha kila jiwe. Vivyo hivyo kwa milango ya nakshi: nakshi huonekana kwa vivuli vyake.

Hakuna anayedai kwamba Marikiti izimwe usiku wa Ramadhani, au kwamba nyumba ya harusi isitundike vimulimuli vyake siku mbili tatu. Furaha ya mji ni ya mji. Kinachozungumzwa ni taa ya kila siku, inayowaka saa tisa za usiku juu ya mlango uliofungwa, ambayo mwenyewe ameisahau.

Kwa mwenye taa ya namna hiyo, kazi ni ya asubuhi moja. Taa ya kuinamishwa iinamishwe mpaka uso wake utazame ardhi sawasawa. Isiyoinama ivikwe kofia, hata ya bati lililokunjwa na fundi wa mtaani, ilimradi isizibe tundu za joto. Balbu ya 6500 ikiungua, inunuliwe ya 2700 au 3000 mahali pake. Taa ya nyuma ya nyumba iwekewe sensa, iwake mtu akipita. Mwizi hushtuka zaidi taa inapowaka ghafla kuliko anapoikuta imewaka tangu magharibi, na jirani anayeiona ikiwaka hujua kuna mtu. Baada ya hapo mwenye taa avuke njia, apige hodi kwa jirani wa ng'ambo, na aombe kuiangalia taa yake kutoka dirishani kwa jirani. Akiiona balbu yenyewe, bado haijainama vya kutosha.

Taa ikiwa ni ya barabarani, lalamiko lipelekwe ofisi ya wadi, liandikwe mtaa, upande wa njia, alama iliyo karibu na nguzo, na dirisha linalopigwa ni la ghorofa ya ngapi. Lisiandikwe "izimwe". Fundi akiombwa azime, atakataa, na pengine yuko sahihi. Akiombwa aigeuze itazame njia, anahitaji ngazi na spana tu.